Jibu kwa mwalimu wa Nansio: kabla ya feni, tazama betri

Swali hili limetoka kwa mwalimu wa sekondari anayeishi Nansio, Ukerewe, nyumba chache tu kutoka ufukweni. Nimelifupisha, ila maneno ni yake:

"Fundi, habari za kazi. Kompyuta yangu mpakato iko mwaka wa tano. Siku hizi inachemka, feni inalia kama mashine ya kusaga, na ikifika dakika 20 hivi inajizima yenyewe nikiwa katikati ya kujaza alama za wanafunzi. Inakaa kwenye chaja muda wote kwa sababu umeme ukikatika haimalizi dakika 10. Kitu kingine, sijui kama kinahusiana: nikiiweka mezani inayumba kama ina mguu mmoja mfupi, na ile padi ya kusogezea mshale kwa kidole imekuwa ngumu, haibonyezeki. Jirani mmoja anasema niipeleke kwa fundi pancha aipulizie upepo vumbi litoke. Mwingine anasema nitoe betri nitumie umeme moja kwa moja. Mke wangu anasema tatizo ni wadudu wa ziwani. Nani kasema kweli? Na nikiituma kwako Mwanza kwa meli, itafaa?"

Mwalimu, habari za kisiwani, na pole kwa alama zilizopotea. Umeuliza mambo kadhaa, na lililo zito kuliko yote umelitaja kwa kusitasita, kama la pembeni. Mashine inayumba mezani. Padi haibonyezeki. Nikiyakuta hayo mawili kwenye kompyuta ya miaka mitano isiyotoka kwenye chaja, feni naiweka kando kwanza. Hiyo ni betri iliyovimba.

Kwa hiyo kabla hujaendelea kunisoma: kama mashine imewashwa, hifadhi kazi, nakili alama zako kwenye flashi, kisha izime kabisa. Kufunika kifuniko tu si kuzima. Chomoa chaja na usiichomeke tena. Kama tayari imezimwa, iache hivyo hivyo, usiiwashe kwa ajili ya kunakili. Alama zako ziko kwenye diski, na betri ikiondolewa diski haipotezi kitu.

Ukitaka kuhakikisha, iweke juu ya meza tupu, chuchumaa hadi jicho lako liwe usawa wa meza, uitazame kwa ubavu. Tumbo la mashine litakuwa limeshuka katikati, na pembe moja itakuwa hewani kiasi cha kupitisha karatasi iliyokunjwa. Tazama pia pale sehemu ya juu inapokutana na ya chini. Mara nyingi utaona ufa mwembamba umefunguka upande wa mbele. Kompyuta nyingi za siku hizi zina betri bapa iliyolazwa mbele, chini kabisa ya padi. Ikivimba inasukuma juu na chini kwa pamoja, ndiyo maana padi imekaza na meza nayo imeanza kuonekana kama haina usawa. Tafadhali usiibonyeze irudi. Hapo ndipo watu wanapoumia.

Nikueleze kinachotokea ndani, maana ukikielewa hutahitaji mtu wa kukukataza. Kila seli ya betri hii ni mfuko wa foili wenye tabaka nyembamba sana zilizopangwa kama kurasa za kitabu, katikati ya kurasa kuna utando, na vyote vimeloweshwa kwa kimiminika kinachoshika moto. Seli ikijaa chaji inasimama kwenye volti 4.2 hivi. Hapo inakuwa imekazika. Ikiachwa imekazika hivyo miezi na miaka, tena kwenye joto, kile kimiminika huvunjikavunjika na kutoa gesi. Mfuko hauna tundu, kwa hiyo gesi inajaa humo humo. Niliwahi kufungua mashine ya kijana mmoja aliyekuja kulalamikia padi tu, nikakuta seli ya katikati imetuna kama pakiti ya maziwa iliyosahauliwa juani, na foili yake inang'aa kwa kukakamaa. Kulikuwa na harufu tamu kidogo, kama rangi ya kucha. Harufu hiyo ukiisikia ujue mfuko umeshaanza kuvuja, na mashine itoke nje ya nyumba mara moja.

Betri nyingi zilizovimba haziwaki moto, na sikuandikii ili kukutisha. Lakini ule utando ni mwembamba mno. Ukipinda, ukitobolewa, au ukichajiwa ukiwa umechoka, kurasa zinagusana, joto linapanda, na joto hilo linazaa joto jingine bila kuhitaji umeme wa nje. Hapo hakuna swichi ya kuzima. Ikitokea umeona moshi, watoe watu kwanza, usiuvute moshi huo maana ni sumu, na kama unaweza kufika salama zima soketi ya ukutani. Mashine ikishatengwa na umeme, maji mengi ndiyo dawa, kwa sababu kinachotakiwa ni kuipoza. Mchanga huzuia moto usisambae, lakini haupozi. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114.

Betri hiyo itolewe, na itolewe huko huko Nansio. Tafuta fundi wa simu au kompyuta mwenye bisibisi ndogo na mkono mtulivu, mfanye kazi hiyo barazani, si chumbani. Afungue kava la chini, kitu cha kwanza achomoe waya wa betri kwenye bodi, lile bamba kuu lenye vifaa vya umeme, kisha ndipo afungue skrubu zinazoishikilia. Kama imegundishwa kwa gundi, asiichokoe kwa kisu wala bisibisi. Kadi ya plastiki inayosukumwa polepole inatosha. Akikwambia "ngoja nitoboe upepo utoke itarudi kama zamani", mshukuru, chukua mashine yako uondoke. Najua wapo wanaofanya hivyo. Gesi iliyomo inashika moto, na hewa ikiingia kwenye seli mambo huharibika kwa sekunde.

Ikishatoka, funika vichwa vya waya wake kwa tepu ya umeme, izike kwenye debe lenye mchanga mkavu, uiweke nje kivulini mbali na watoto. Isitupwe shimo la taka linalochomwa moto, na isitupwe ziwani. Maji hayo ndiyo tunayokunywa na kuvulia sangara. Siku ukija mjini niletee. Mimi hukusanya betri mbovu na kuzikabidhi kwa wakusanyaji wenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Sasa swali la meli. Mashine bila betri, ndiyo, hata kesho. Mashine ikiwa na betri hiyo ndani, hapana, Mwalimu. Fikiria begi limebanwa chini ya gunia la machungwa na ndoo ya dagaa, watu wamekaa bega kwa bega, pande zote maji. Ikianza kutoa moshi hapo, abiria watakimbilia upande mmoja wa chombo, na hilo lenyewe ni hatari kuliko moto. Hata ukizunguka kwa kivuko cha Rugezi na Kisorya kisha upande basi, hesabu ni ile ile. Hata hiyo isiyo na betri ishike mwenyewe mkononi, ndani ya mfuko wa nailoni usioingiza maji, usiiache kwenye mizigo.

Jirani yako wa pili, basi, amesema nusu ya kweli. Betri itoke, hilo kapatia. Kutumia umeme moja kwa moja baada ya hapo inawezekana kwa kompyuta nyingi, lakini kuna mambo mawili. Baadhi ya mashine zikikosa betri hujipunguzia kasi makusudi, kwa kuwa kazi ikizidi ghafla zilizoea kuongezewa nguvu na betri, na chaja peke yake haitoshi, usidhani imeharibika. La pili unalijua kuliko mimi: umeme ukikatika inazimika palepale, na faili lililokuwa wazi linaweza kuvurugika. Programu za Word na Excel zikiachwa zilivyokuja hujihifadhia nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Kwenye mipangilio ya kuhifadhi, shusha hiyo 10 iwe 1. Darasa la wanafunzi 60 ukilijaza kwa saa nzima, utaona thamani ya dakika hizo tisa.

Kwenye kununua betri mpya nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapoishia. Usiende dukani ukasema "nataka betri ya HP" au "ya Dell". Kampuni moja ina mamia ya betri zisizoingiliana. Nenda na picha ya lebo ya betri ya zamani. Angalia vitu vitatu: namba ya aina, volti, na saa za wati, zile zinazoandikwa Wh. Volti lazima zifanane. Betri ya 7.6 haikai mahali pa 11.4 hata kama umbo limelingana. Saa za wati zikiwa kubwa ajabu kuliko za betri iliyotoka nayo kiwandani, na mwili ni ule ule, lebo hiyo inadanganya. Ipime mkononi pia. Betri nyepesi kuliko ya zamani ina seli haba ndani. Muuzaji akupe dhamana ya maandishi, na chaji ya kwanza ifanye mchana, mashine ikiwa juu ya sakafu ya saruji au vigae, ukiwa macho.

Ikishaingia, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye Windows uandike powercfg /batteryreport. Kompyuta itakutengenezea ripoti, na ndani yake kuna namba mbili za kulinganisha: uwezo ambao betri iliundwa nao, na uwezo inaobeba kwa sasa ikijaa. Betri mpya namba hizo hukaribiana. Nikikuta ya pili imeshuka chini ya nusu ya ile ya kwanza, namwambia mwenye mashine aanze kuweka akiba ya betri nyingine.

Kuhusu kuiacha kwenye chaja muda wote, siwezi kukulaumu. Kila mtu anayeishi na umeme wa kukatika hufanya hivyo, hata mimi zamani. Lakini ipo njia ya kati. Kompyuta nyingi za Lenovo, Dell, HP na Asus zina sehemu ya kuiambia betri isivuke asilimia 80 hivi, iwe kwenye programu ya kampuni yenyewe au kwenye ile kurasa ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Washa hiyo. Unaweza kuacha chaja imechomekwa siku nzima, betri inabaki imelegea, na umeme ukikatika bado una saa ya kumalizia kazi. Ukifunga shule ukaenda likizo bila mashine, iache na chaji ya nusu, iliyozimwa, mahali penye ubaridi. Ikijaa kabisa inazeeka ikiwa kabatini, na ikiwa tupu kabisa inaweza isiamke tena.

Sasa nije kwa shemeji, maana yeye amegusa chanzo.

Wadudu wale hukua majini, kwenye tope la chini ya ziwa, kisha huibuka kwa mamilioni na kupanda kama nguzo za moshi. Ukiwa melini unaziona kwa mbali juu ya maji. Hawaumi mtu. Huibuka kwa wingi zaidi siku zile mwezi unapoandama, usiku ukiwa mweusi, na wavuvi wa dagaa kalenda hiyo wanaijua kwa moyo kwa sababu ndipo taa zao zinapofanya kazi. Taa ya karabai inavuta dagaa, na kioo cha kompyuta yako chenye mwanga mweupe, kwenye chumba chenye dirisha wazi nyumba chache kutoka ufukweni, kinawavuta wao. Wanatua kwenye kioo, wanateleza hadi kwenye kibodi, na walio karibu na tundu za chini wanafyonzwa na feni.

Mdudu mmoja si kitu. Lakini mwili wake una unyevu na mafuta kidogo, na vumbi linaugandia. Ndani ya kompyuta, joto la prosesa, ule ubongo wa mashine, linapelekwa na bomba la shaba hadi kwenye mapezi, vibati vyembamba vilivyopangwa kama mapezi ya samaki, nafasi kati ya kibati na kibati ikiwa kama milimita moja. Feni inapuliza hapo joto litoke nje. Mashine za watu wa pwani ya ziwa, kuanzia Kirumba hapa Mwanza hadi visiwani, nikifungua feni nakuta kati yake na mapezi pameziba kwa kitu kama blanketi: kijivu, laini, kinachobanduka kipande kizima kwa koleo, na ukikishika kwenye mwanga unaona mabawa yamesukwa humo pamoja na nyuzi za nguo. Kwa nje huoni chochote. Unaweza kupiga brashi kwenye matundu kila Jumamosi na blanketi hilo likabaki palepale, kwa kuwa liko upande wa ndani.

Joto likikosa njia, prosesa hupunguza mwendo, na ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi inazima mashine ili ijiokoe. Hizo ndizo dakika zako 20. Na wakati wote huo kava lote linakuwa la moto, betri ikiwa sentimita chache kutoka hapo, imejaa chaji, inachemshwa kidogo kidogo kila siku kwa miaka. Kwa hiyo feni inayolia na betri iliyovimba ni ugonjwa mmoja. Ukibadilisha betri ukaacha blanketi, utarudi kwangu na betri nyingine iliyotuna.

Siku kava limefunguliwa ili betri itoke, basi fundi amalizie hapo hapo. Alegeze feni, abandue hilo blanketi kwa koleo ndogo, apitishe brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kugusa rangi, azuie pangaboi la feni kwa kidole wakati wa kupuliza. Pampu ya baiskeli au kipulizio cha mpira cha mkono vinatosha. Kwa mtu wa pancha usiende. Hewa ikibanwa kwenye tangi la kompresa hutema maji, na mashine yenyewe hutema mafuta, vyote vinaingia kwenye bodi yako. Presha yake ni ya kujaza tairi la lori, inaweza kung'oa kifaa kidogo kilichogandishwa kwa risasi. Tena feni ikizungushwa kwa kasi hiyo inageuka kuwa jenereta ndogo, ikarudisha umeme ulikotoka.

Kwa mashine ya miaka mitano iliyopitia joto hilo, mwambie abadilishe na pesti, ile dawa ya kijivu inayokaa kati ya prosesa na shaba. Utaikuta imekauka kama udongo wa chungu. Ya zamani ifutwe kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, mpya iwekwe kiasi cha punje ya mchele. Wengine hupaka kama siagi kwenye mkate wakidhani ndiyo kupoza zaidi. Pesti ikizidi inazuia joto.

Nyumbani, usiku wa wadudu, washa taa nje upande wa mbali na dirisha lako, funga dirisha lisilo na wavu, punguza mwanga wa kioo. Siku wakizidi, zima kompyuta uiweke begini, andika kwa kalamu, ujaze asubuhi. Usiwaponde juu ya kibodi. Pindua mashine ikiwa imezimwa, wapeperushe kwa brashi wakishakauka. Na usifunike matundu ya chini kwa chandarua wala soksi ili kuwazuia. Nimeletewa mashine ya namna hiyo, wadudu walikuwa hawamo kweli, ila ilikuwa imejipika.

Nitaje na vile vitambaa vya kufuma tunavyotandika mezani, maana karibu kila sebule vipo. Ni vizuri, lakini kompyuta ikilala juu yake matundu ya chini yanazibwa. Godoro na mto ni vibaya zaidi. Weka mashine juu ya mbao tupu na uinue nyuma kwa vifuniko viwili vya chupa ya maji, kimoja kila upande. Feni itapata pa kuvutia hewa, na sauti itapungua usiku huo huo. Nyumba ya bati isiyo na dari, saa nane mchana, hata mashine nzima itataabika. Kazi nzito ifanye asubuhi.

Juu ya umeme, kwa kuwa utarudi kuishi nao. Chaja yako ukiigeuza utaona imeandikwa kwamba inapokea volti 100 hadi 240. Umeme wetu ni 230, kwa hiyo kupungua hakuisumbui sana. Kinachoiumiza ni dakika ya umeme kurudi, wakati majokofu na pampu za mtaa mzima zinaamka pamoja na volti zinapanda na kushuka kama mawimbi. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika 5 uone taa zimetulia ndipo uchomeke. Kwa miezi hii utakayokuwa bila betri, hilo ni la lazima.

Radi ni habari nyingine. Ziwa Victoria ni kati ya sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na dhoruba za juu ya maji hupenda usiku wa manane hadi alfajiri, watu mmelala na chaja ziko ukutani. Kifaa cha kukinga umeme mkubwa husaidia kwa vishindo vidogo, lakini radi ikipiga karibu inaruka swichi yoyote. Kinachoikinga ni nafasi ya hewa kati ya chaja na soketi. Wingu likianza kunguruma upande wa ziwa, chomoa kabla ya kulala, pamoja na waya wa intaneti kama unao.

Na kama umewahi kugusa mwili wa chuma wa kompyuta ikiwa kwenye chaja ukahisi kama sisimizi wanatembea kwenye ngozi, kagua waya wa ardhini. Hapa Mwanza nalikuta mara nyingi kwenye nyumba za miambani, Isamilo, Bugando, Mabatini. Fundi umeme anatakiwa azamishe fimbo ya shaba ardhini, na kwenye jiwe fimbo haizami, basi wengine huikata fupi au huiacha kabisa. Chaja huachia umeme mdogo sana kwenda kwenye mwili wa mashine, na waya wa ardhini ukiwa mzima huuchukua. Usipokuwepo, unapita kwako. Mara nyingi ni wa kuudhi tu. Ila kama ni kishindo cha kukurusha mkono, hiyo si kawaida, chaja itupwe. Usikate pini ya tatu ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili. Wenzako wa visiwa vidogo wanaotumia sola, chaja ikivuma au kupata moto kuliko kawaida kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe kama wa ukutani, hiyo inveta inatoa umeme wa ngazi ngazi. Watafute ya mawimbi laini.

Mambo mengine nayapitia haraka. Kama mashine ina diski ya kuzunguka, usiibebe ikiwa imewaka, hata kutoka mezani hadi kitandani. Ikianza kulia kwa kugongagonga, nakili faili siku hiyo hiyo. Kama bado iko kwenye Windows 10, Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine ya miaka mitano huenda inaweza kupokea Windows 11, nitaiangalia. Flashi zinazozunguka kati ya ofisi ya walimu na duka la kuchapishia mitihani ziruhusu antivairasi izikague kabla ya kufungua kitu. Alama za wanafunzi ziwe mahali patatu: kwenye mashine, kwenye flashi inayokaa nyumbani, na kwenye barua pepe yako.

Betri ikishakuwa kwenye debe la mchanga, piga picha lebo yake namba zote zikionekana, na picha nyingine ya kibandiko cha chini ya kompyuta. Nitumie nianze kuulizia hapa Makoroboi kabla hujapanda meli, ili siku ukija tufungue, tukague mapezi, tuweke betri, na urudi na meli ya siku inayofuata.